Hame Si Gofu: Maneno ya Kuisomea Ardhi Kutoka Angani

Kiswahili hutofautisha gofu na hame. Gofu ni jengo lililopoteza uhai lakini bado limesimama: ukuta wa matumbawe usio na paa, mihrabu inayoelekea kibla katika msikiti usio na waumini, kizingiti kilichoshikwa na mizizi. Hame ni mahali walipohama watu, na si lazima pawe na ukuta. Leo panaweza kuwa shamba la mihogo, kichaka cha miiba au uwanja wa mchanga; kinachopafanya kuwa hame ni kwamba palikaliwa, kisha wakazi wakaondoka. Kitendo cha kuhama kimo ndani ya neno lenyewe. Kamusi za zamani ziliweka jirani na neno hilo mengine mawili, ganjo na tongo, ambayo nayo hutaja makazi yaliyoachwa.

Naanzisha somo langu hapa kwa sababu wataalamu wa mambo ya kale sasa wana vyombo vinavyoweza kuona hame. Wana picha za setilaiti, ndege zisizo na rubani, miale ya leza na vipima usumaku vinavyobebwa mkononi. Vyombo vimekuja na majina yake ya kigeni, na sisi tunahangaika kuyatafutia Kiswahili. Naamini kazi hiyo ya majina si pambo la sayansi. Istilahi nzuri humweleza msomaji kitu gani kimepatikana, na pia kimejulikana kwa kiasi gani. Kwa kipimo hicho Kiswahili kina akiba kubwa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kilichopatikana. Kwa miongo mingi akiolojia ya pwani yetu ilikuwa akiolojia ya magofu. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948. Neville Chittick alifanya kazi Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960. Walifuata kilichoonekana, yaani msikiti, jumba, kaburi na ukuta wa mji, na ni kazi iliyotufundisha mengi. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliueleza mji ule kuwa wa majengo ya mbao yaliyoezekwa matete. Wakati huo Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na jumba la Husuni Kubwa linanasibishwa na sultani wa zama hizohizo, al-Hasan bin Sulaiman. Mgeni yule alikuwa ameona mji mzima. Sisi tumebakiwa na mifupa yake ya mawe. Wakazi wengi wa miji ya pwani waliishi katika nyumba za fito zilizokandikwa udongo na kuezekwa makuti. Nyumba ya namna hiyo ikianguka hurudi kuwa udongo. Haiachi gofu, inaacha hame.

Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani, ni mfano bora. Mahali pote pawili paliingizwa pamoja katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ndani ya ukuta wa mji wa Songo Mnara yamo majumba ya mawe, misikiti na makaburi, na katikati yake kuna nafasi kubwa zilizo wazi. Ramani za awali ziliziacha nafasi hizo nyeupe, kana kwamba hapakuwa na kitu. Kuanzia mwaka 2009, timu iliyoongozwa na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones iliwashirikisha wataalamu wa jiofizikia, akiwemo Kate Welham, kupima usumaku wa ardhi katika nafasi hizo. Vipimo vilionyesha dalili penye weupe, na uchimbaji ukathibitisha kwamba nafasi zile zilitumika: ndani ya mji wa mawe kulikuwa pia na nyumba za fito na udongo. Kwa maneno yetu, ndani ya magofu mlikuwa na hame.

Hivyo basi, katika orodha yoyote ya istilahi za taaluma hii, ningependa maneno haya mawili yatenganishwe kwa ukali. Gofu hupimwa, hame huhisiwa. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi unaopima majengo ya kale kwa leza, nao umepewa jina la Kiswahili, Zamani. Umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hadi kila ufa wa ukuta ukaingia kwenye kompyuta. Hiyo ni kazi ya gofu, kwa sababu kitu kipo na macho yanakiona. Hame linataka mbinu nyingine, na hapo ndipo tunapokutana na istilahi iliyozua mabishano mengi.

Sayansi ya kupata taarifa za ardhi bila kuigusa huitwa na wengine hisi ya mbali, wengine uhisi wa mbali, na wapo wanaopendelea utambuzi wa mbali. Chombo chenyewe ni kihisi. Wanaopinga mzizi wa hisi wana hoja yenye uzito. Mtu akisema "nahisi mvua itanyesha," hajui bado. Anakisia kwa kuangalia wingu na kusikia upepo. Je, inafaa sayansi ibebe jina lenye harufu ya kukisia? Kutambua, wanasema, ni imara zaidi.

Mimi nauona udhaifu huo wa hisi kuwa ndio ubora wake. Kihisi kilichomo katika setilaiti hakitambui chochote. Kinapokea mwanga uliorudishwa na ardhi na kuandika namba. Kipima usumaku nacho kinaandika namba. Hakuna hata kimoja kinachojua hame ni nini. Anayetambua ni binadamu aliyekaa mbele ya picha, mwenye kujua watu hujengaje, hulimaje na huzika wapi. Na hata yeye akishatambua, bado kazi haijaisha, maana inabidi mtu aende mahali penyewe na mwiko wa kuchimbia ili kuhakiki. Tuna vitenzi vitatu, kuhisi, kutambua na kuhakiki, na kila kimoja kina mwenyewe: cha kwanza ni cha chombo, cha pili ni cha msomaji wa picha, cha tatu ni cha mchimbaji. Tukiiita taaluma nzima "utambuzi" tunaikabidhi mashine heshima ambayo si yake. Tena neno uhakiki ni lilelile tunalotumia kwa kuchambua ushairi na riwaya. Sioni vibaya. Ardhi nayo ni matini, na msomaji asiyehakiki atasoma kisichoandikwa.

Engaruka inaonyesha kwa nini utengano huo ni muhimu. Chini ya ngema ya Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, kumetandazwa mashamba ya kale ya umwagiliaji yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 20, yakiwa na mipaka ya mawe na mifereji iliyokuwa ikileta maji kutoka mitoni. Yalilimwa takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18. Kutoka juu, mistari yake huonekana wazi. Lakini mstari ni mstari tu. Huu ni mfereji au ukuta wa kitalu? Ule ni tuta au njia ya ng'ombe? Kihisi kimekwisha kufanya kazi yake na kunyamaza. Wanaakiolojia, akiwemo Daryl Stump, walilazimika kukata udongo wa mashamba na kusoma matabaka yake ili kujua yalijengwa vipi na yalipanuka kwa hatua gani. Na ona utajiri wa Kiswahili cha mkulima: mfereji, tuta, kitalu, jaruba, kinga, kila kimoja kina umbo lake na kazi yake. Msomaji wa picha anayeyajua maneno haya ataona mambo matano pale ambapo mwenzake ataona "mistari".

Sasa tuchukue usumaku. Udongo una chembe za chuma. Ukiungua kwa moto mkali kisha ukapoa, chembe hizo hushika mwelekeo wa usumaku wa dunia na kuudumisha. Ndiyo maana jiko, tanuri, au ukuta wa udongo ulioungua nyumba iliposhika moto huacha alama ambayo kipima usumaku kinaweza kuiona karne nyingi baadaye, ingawa tofauti ni ndogo sana ikilinganishwa na usumaku wa dunia yenyewe. Alama kubwa zaidi hutoka kwa mabaki ya uhunzi, na hapa hatuna haja ya kuunda neno. Wahunzi wamekuwa nalo siku zote: mavi ya chuma. Ni neno la karakana, na kila aliyewahi kuona kipande chake kizito, cheusi, chenye vitundu, hulielewa papo hapo. Wapo waandishi wanaoona haya kulitumia katika maandishi ya kitaaluma na kulibadilisha kuwa "masalia ya uyeyushaji". Haya hiyo inatugharimu. Wanakijiji waliozungukwa na mavi ya chuma wakiulizwa kama wameona masalia ya uyeyushaji watasema hapana, nao watakuwa wamejibu kwa ukweli.

Neno linalonisumbua katika fani hii ni "hitilafu", linalotumiwa kutaja mahali ambapo kipimo kinatofautiana na majirani zake. Fundi umeme akisema kuna hitilafu, kuna kitu kimeharibika. Lakini ardhini hakijaharibika kitu. Kuna jambo lililotendeka pale na kubaki. Tuna neno dalili. Daktari analo, mkulima analo, mwanasheria analo, na wote wanajua kwamba dalili inaelekeza tu, haihukumu. "Dalili ya usumaku" inasema hasa kilichomo katika data, haizidishi wala haipunguzi.

Dalili pia ndilo neno la mimea. Mazao yaliyo juu ya ukuta uliofukiwa hukosa kina cha udongo na kudumaa. Yaliyo juu ya shimo la taka la kale hupata rutuba na unyevu na kustawi. O.G.S. Crawford, aliyekuwa mtangulizi wa akiolojia ya angani huko Uingereza katika miaka ya 1920, alisoma tofauti hizo kwenye picha zilizopigwa kutoka ndani ya ndege. Vihisi vya leo huongeza mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni lakini majani yenye afya huurudisha kwa wingi. Wakulima wa kwetu hawakusubiri ndege. Wanajua eneo la shamba ambako mahindi hustawi bila samadi, na pwani wazee hutazama mibuyu, kwa kuwa mara nyingi miti hiyo husimama palipokuwa na makazi. Kudumaa na kustawi ni istilahi zilizokamilika. Tunachotakiwa ni kuziandika.

Kuna neno moja ambalo limekosewa mno. Uwezo wa picha kuonyesha vitu vidogo mara nyingi hutafsiriwa "azimio", nadhani kwa sababu neno la kigeni lina maana mbili na mfasiri akashika ile ya mkutanoni. Azimio ni jambo la watu waliokaa wakakubaliana, kama lile la Arusha. Picha haiazimii. Inachoweza kufanya ni kupambanua, yaani kukitenga kitu na jirani yake. Kwa hiyo napendekeza upambanuzi. Setilaiti za Landsat, zilizoanza kurushwa mwaka 1972, zimetupa kwa miongo kadhaa picha ambazo kila kipunje (pikseli) chake ni mraba wa mita 30 kwa 30. Ndani ya mraba huo inaenea nyumba ya udongo, ua wake, jiko na choo, na vyote vinakuwa rangi moja. Sentinel-2, iliyoanza kazi mwaka 2015, hupambanua mita 10. Setilaiti za kibiashara zimeshuka chini ya nusu mita. Droni ya ukubwa wa kunguru hupambanua sentimita chache, na mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba yote kwa droni, ulioanza mwaka 2016 kwa kushirikisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na vijana wa hapahapa. Ukisema "upambanuzi wa mita 30", msikilizaji anajua mara moja kisichoweza kuonekana. Ukisema "azimio la mita 30", hajui chochote.

Leza ya angani nayo, ambayo tunaweza kuiita lida bila kuona taabu, imekuja na msamiati wake. Ndege hurusha mipigo ya mwanga, na kila mpigo hurudi ukiwa umepimwa muda uliotumia kwenda na kurejea. Baadhi hugonga majani. Baadhi hupenya katika mianya na kugonga ardhi. Ukiondoa ya kwanza na kubakiza ya mwisho, msitu unaondoka kwenye picha na ardhi inabaki. Kwa njia hii, mwaka 2012, mpango wa miji iliyozunguka mahekalu ya Angkor nchini Kambodia ulionekana chini ya miti, na mwaka 2018 watafiti wa kaskazini mwa Guatemala walitangaza zaidi ya miundo 60,000 ya Wamaya. Neno mrejeo linatosha kwa mwanga unaorudi: mrejeo wa kwanza, mrejeo wa mwisho. Ila nukta zinazopatikana, ambazo ni mamilioni, wengine wameanza kuziita "wingu la nukta". Katika fani hii wingu tayari lina kazi yake, na ni kazi mbaya: ndilo linaloziba pwani na misitu yetu na kuharibu picha ya setilaiti. Haifai neno moja lifiche upande mmoja na kufichua upande wa pili. Mkusanyo wa nukta hautaleta utata huo.

Yote haya mwishoni huwekwa kwenye ramani, na hapo Kiswahili kinakumbusha ukongwe wake. Neno ramani lina asili ya Kiajemi na lilitufikia kwa njia ya mabaharia wa Kiarabu. Kwao lilikuwa kitabu cha kuongozea safari, chenye nyota, bandari na masafa. Majira nayo, mbali na maana ya nyakati, ni mwelekeo wa chombo baharini. Nahodha hushika majira. Leo mahali palipotajwa kwa latitudo na longitudo tunapaita majiranukta. Mtafiti anayeandika majiranukta ya hame katika kompyuta yake anatumia maneno yaliyoongoza majahazi kufika Kilwa. Sitaki neno hilo libadilishwe kwa lingine la mkopo eti lisikike kuwa la kisasa.

Hame lenyewe pia si neno la makumbusho. Tanzania Bara bado linatajwa mabarazani kila unapozuka mgogoro wa ardhi. Wakati wa Operesheni Vijiji, katika miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa kutoka walipokaa na kupelekwa vijiji vipya. Zilipoacha miembe na makaburi pakabaki mahame yao, na warithi wanayakumbuka kwa jina hilo. Picha zilizopigwa kwa ndege kabla ya hapo, kwa ajili ya kuchora ramani za nchi, huonyesha nyua na mashamba ambayo baadaye yalimezwa na pori. Kwa hiyo elimu ya kuhisi mahame inamhusu mwananchi aliye hai, na si sultani wa karne ya 14 peke yake. Ndiyo sababu ninalitaka neno hilo liandikwe katika orodha za maeneo ya kale. Miradi kama MAEASaM, ulioanza mwaka 2020, inatumia picha za setilaiti kuorodhesha maeneo yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, na kila orodha ya aina hii huanza na kuchagua majina ya aina za maeneo. Kisicho na jina kwenye orodha hakipati kisanduku cha kutiwa alama, na kisichotiwa alama hakilindwi.

Hapo pana tahadhari. Serikali ya Tanzania imezoea neno malikale kwa urithi wa kiutamaduni. Ni neno fupi na limeundwa vizuri, tena linadai umiliki: ni mali ya watu, haifai kuibwa. Lakini nchini kuna imani iliyoenea kwamba Wajerumani walifukia mali walipoondoka, na mashimo mengi yamechimbwa kwa kuitafuta. Mtafiti anayetembeza kipima usumaku juu ya hame huku akisema anatafuta malikale anaweza kueleweka vibaya, na wachimbaji wakafika usiku baada ya yeye kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo majiranukta ya maeneo yasiyo na ulinzi hayapaswi kutangazwa ovyo. Kwa sheria na sera, malikale libaki. Shambani, mbele ya wenyeji, ni bora kusema wazi: tunatafuta mahame, tunatafuta dalili za waliokaa hapa. Hata athari, neno ambalo kwa Kiarabu ndilo limezaa jina la akiolojia, katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya alama au kovu kabla ya kuelemea upande wa madhara. Lingeweza kurudishwa kazini pia.

Istilahi hizi haziwezi kutungwa ofisini peke yake. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Tanzania na BAKIZA la Zanzibar, yana mamlaka ya kusanifisha, na taasisi ya TATAKI ina uzoefu, lakini malighafi iko kwa mhunzi anayejua mavi ya chuma, kwa mkulima anayejua kudumaa na kustawi, kwa mwashi anayekandika, kwa baharia anayeshika majira. Kila timu inayokwenda kupima hame ingefaa iende na daftari la maneno pamoja na betri za droni, irudi na yote mawili yakiwa yamejaa, na iyapeleke maneno hayo kwa mabaraza ili yaingie kwenye kamusi. Tukifanya hivyo, mwanafunzi wa sekondari wa Kilwa Masoko ataweza kusoma ripoti kuhusu mji wa babu zake kwa lugha yake, na kuelewa kipi kimehisiwa, kipi kimetambuliwa, na kipi kimehakikiwa.